Chaja ya sola ya gari imegoma kusasishwa, au imesasishwa ikaanza vituko: pa kuanzia

Kama unasoma hapa huku mkono mmoja umeshika simu na mwingine uko kwenye breka ya chaja, utoe kwanza huo wa breka. Asilimia zilizoganda kwenye skrini si ushahidi kwamba kazi imesimama. Kukata umeme katikati ya usakinishaji wa programu mpya ndiyo njia rahisi kuliko zote ya mtu wa kawaida kuiua chaja yake. Mengine karibu yote yaliyoelezwa hapa chini yana marekebisho.

Nimesasisha chaja yangu ya nyumbani mara nyingi, pamoja na za ndugu na majirani ambao hunipigia zikiwashinda. Katika hizo zote iliyokufa kabisa ni moja. Zilizobaki zilikuwa nzima ila zilisahau. Moja ilisahau nywila ya Wi-Fi, nyingine ilisahau fyuzi kuu ya nyumba ni ya ampea ngapi, nyingine haikukumbuka tena umeme wa jua unapita kuelekea upande gani wa kebo. Siku hizi nikipigiwa simu, swali langu la kwanza huwa hilo: imesahau nini?

## Boksi moja, akili mbili

Ndani ya boksi lililobanwa ukutani mara nyingi kuna kompyuta ndogo mbili. Ya kwanza ni ya mawasiliano: inashika Wi-Fi au Bluetooth, inaongea na simu yako na seva ya mtengenezaji, inasoma mita. Ya pili ni ya udhibiti: inafunga na kufungua swichi inayopeleka umeme garini, inachunguza kama kuna mkondo unaovuja, inaliambia gari livute ampea ngapi. Kila moja ina programu dhibiti yake, yaani programu ya ndani inayoiendesha, na hiyo ndiyo inayosasishwa.

Ukibonyeza "sasisha", ile ya mawasiliano hupakua faili, hukagua saini yake ya kidijitali, kisha hujiandika upya. Baada ya hapo ndipo huisukumia mwenzake sehemu yake kwa njia ya ndani ambayo ni ya polepole. Katika dakika hizo simu huandika kwamba chaja haipatikani, taa huwaka na kuzima kwa rangi ambayo hujawahi kuiona, na ndipo watu hukimbilia breka.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mchawi, jua umekwama hatua gani: faili halijaanza kuja, linakuja likaishia njiani, limefika likakataliwa, au limeingia vizuri na matatizo yameanza kesho yake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayowapata wengi, na ndiyo nitakayokaa nayo sana.

## Sasisho halionekani

Mwenzako mwenye chaja kama yako ameshapata toleo jipya, wewe huoni kitu. Mara nyingi hakuna kosa. Watengenezaji hutoa sasisho kwa mafungu, chaja chache kwanza na nyingine baadaye, ili kasoro ikijitokeza isiwaangushe wateja wote siku moja. Tazama pia kibandiko cha chaja. Boksi mbili zenye jina moja na sura moja zinaweza kuwa na bodi tofauti ndani, na faili la moja lisiifae nyingine.

Kama chaja yako inaendeshwa na kampuni nyingine kupitia itifaki ya OCPP, lugha ya pamoja ya chaja na seva zinazozisimamia, kitufe cha kusasisha kwenye programu ya mtengenezaji kinaweza kufifia kabisa, maana amri hutoka kwenye seva ya huyo msimamizi. Wa kuulizwa ni yeye. Ukiruhusiwa kuona kumbukumbu za chaja, tafuta maneno ya itifaki yenyewe. "DownloadFailed" ina maana faili halikufika. "InstallationFailed" ina maana lilifika likashindwa kuingia. Ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja. Katika OCPP 1.6, ambayo bado imeenea, anwani ya faili inaweza kuwa ya FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili, na zipo ruta ambazo faiwali yake huzuia FTP huku mawasiliano mengine yakipita vizuri. Utaona chaja iko hewani, inachaji, inatuma ripoti, lakini kila sasisho linafia mlangoni.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha saa. Chaja nyingi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, zikiwaka tena huanza kuhesabu kutoka 1 Januari 1970, siku ambayo mifumo mingi ya kompyuta imeifanya kuwa sifuri, mpaka ziulize saa sahihi kwenye intaneti. Swali hilo hupita UDP, poti 123, mlango wa mtandao uliotengwa kwa ajili ya kuulizia saa. Ruta ikilizuia, chaja inabaki 1970. Sasa inapobisha hodi kwenye seva ya masasisho, inaonyeshwa cheti cha usalama kilichoanza kutumika hivi karibuni. Kwa chaja iliyoko 1970, hicho ni cheti cha zaidi ya nusu karne ijayo, nayo inakikataa, na ina haki. Wewe kwenye simu unaandikiwa tu "imeshindwa kuunganisha". Fungua historia ya kuchaji. Ukikuta kipindi chenye tarehe ya 1970, jibu umelipata: ruhusu poti 123 kwenye ruta, zima chaja kwa dakika moja, iwashe.

Kama nyumba nzima ina kichujio cha matangazo, kwa mfano Pi-hole, kizime dakika kumi ujaribu tena. Baadhi ya orodha za kuzuia hufagia hata anwani za seva za masasisho.

## Linaonekana, ukibonyeza linakataa

Chomoa plagi kwenye gari. Kusimamisha kuchaji kwenye simu hakutoshi, ichomoe kabisa. Chaja nyingi hazikubali kusasishwa zikiwa zimeshikana na gari, na zinazokubali huliacha gari halijui liendelee au lilale. Ondoa ratiba ya kuchaji kwa muda. Kama kuna hitilafu iliyo hai kwenye skrini, hata ndogo, imalize kwanza.

Ukiwa umekaa miaka bila kusasisha, pengine huwezi kuruka moja kwa moja hadi toleo la leo. Kuna toleo la kati lililobadilisha jinsi kumbukumbu ya ndani inavyogawanywa, na bila kulipitia hilo, jipya halina pa kukaa. Maelezo ya toleo huwa yanasema. Na kama unachotaka ni kurudi toleo la zamani kwa sababu jipya limekuudhi, jua kwamba chaja nyingi zimefungwa zisirudi nyuma, makusudi, ili mtu asirudishe tundu la usalama lililokwisha kuzibwa. Usiipoteze jioni yako hapo.

## Asilimia zimeganda

Andika namba iliyoganda. Chaja ikijitoa yenyewe na kutangaza imeshindwa, jaribu tena, andika tena. Fanya mara tatu. Ikiganda mahali tofauti kila safari, mathalani 12, kisha 61, kisha 34, mshuku mawimbi. Ikiganda palepale mara zote tatu, mshuku kitu cha kudumu: faili lina kasoro, nafasi imejaa, au njiani kuna kinachozuia. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote na kimeniokolea muda mwingi.

Tuseme ni mawimbi. Programu nyingi za chaja zina ukurasa unaoonyesha nguvu ya Wi-Fi kwa dBm, kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwenye -60 hakuna neno. -70 inavumilika. Ikifika -80, chaja bado itaonekana iko hewani kwa sababu ujumbe wake wa kila siku ni mfupi mfupi, ila faili zima halitapita. Na usipime ukiwa sebuleni. Iweke simu juu ya boksi lenyewe, palepale ukutani, usome hapo. Likiwapo gari kati ya chaja na ruta, liondoe: gari ni ukuta wa chuma wenye magurudumu.

Chaja nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz pekee. Ruta iliyounganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja hujaribu kuvihamishia vifaa kwenye 5, na chaja isiyoijua 5 hubaki ikitupwa nje na kurudi. Zitenganishe majina, angalau kwa siku ya kusasisha. Ruta iliyowekwa WPA3 tupu, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, irudishe WPA2 au mchanganyiko wa zote mbili. Mtandao wa wageni wenye ukurasa wa kukubali masharti usiutumie kabisa. Chaja haina kidole cha kubonyeza "nakubali".

Ukitaka kukata mzizi wa fitina kati ya ruta na chaja, tumia hotspoti ya simu. Ujanja ni huu: ipe hotspoti jina lilelile la Wi-Fi ya nyumbani na nywila ileile, herufi kwa herufi, uiweke itoe 2.4 GHz, kisha uizime Wi-Fi ya ruta. Chaja itaidaka hotspoti ikidhani ni nyumbani, na wewe hukugusa mpangilio hata mmoja. Simu iache juu ya boksi. Sasisho likipita, ujue chaja ni nzima, ugomvi ni wako na ruta.

Ugomvi mmoja wa ruta ambao watu hawaukisii ni ukubwa wa pakiti. Miunganisho ya PPPoE, njia ambayo baadhi ya kampuni za intaneti huwaunganishia wateja, hubeba kwa kawaida baiti 1,492 kwa pakiti badala ya 1,500. Ruta ikiwa imepangwa vibaya, ujumbe mfupi hupita, pakiti zilizojaa hupotea bila kelele. Dalili yake ni chaja iliyo hewani ambayo sasisho lake huganda mwanzoni kabisa, kwenye sifuri au moja, kila mara. Kwenye mipangilio ya ruta punguza MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti, hadi 1492. Ikikataa, jaribu 1400.

Ikiganda karibu na mwisho, 95 au 99, usiiguse. Hapo saini inakaguliwa na akili ya pili inaandikwa. Ipe nusu saa kamili kwa saa ya ukutani. Ukiwa unasubiri, dakika tano huonekana ishirini. Taa ikiwa inabadilika mpangilio, kuna kazi inaendelea ndani.

Kwa wanaosasisha kwa Bluetooth, mkosaji huwa simu. Skrini ikizima, simu huipunguzia programu nguvu na faili hukatika katikati. Zima hali ya kuokoa betri, weka skrini isilale, simama mita moja au mbili kutoka kwenye boksi, na anayepiga simu mwache apige.

Kwa wanaotumia USB au kadi ya microSD: iumbize kwa FAT32, siyo exFAT wala NTFS. Faili likae nje ya folda zote. Jina usilibadilishe. Kuna mtego mdogo hapa ambao ulinimalizia Jumamosi nzima: ukipakua faili mara mbili kwenye kompyuta, kivinjari hulipa la pili jina lenye "(1)" mwishoni. Chaja inatafuta jina halisi, inaliona hilo la "(1)", inalipita kama hailioni, na haikuambii kitu. Taa inawaka kijani, wewe unafurahi, toleo ni lilelile la zamani.

## Haiwaki, au inajizima na kujiwasha yenyewe

Tuliza moyo kwanza. Chaja nyingi za siku hizi zina sehemu mbili za kuhifadhi programu. Toleo jipya huandikwa kwenye sehemu iliyo tupu, na likishindwa kuwaka, chaja hurudi kwenye lile la zamani. Kurudi huko kunaweza kuchukua majaribio kadhaa, na ukiwa nje unaona tu boksi linalojizima na kujiwasha. Liache dakika kumi na tano.

Likiendelea, chomoa gari, zima breka ya chaja, subiri mpaka taa zote zife, kisha hesabu dakika moja zaidi ili umeme uliobaki ndani uishe. Washa. Kama chaja yako inalishwa na upande wa akiba wa inveta, ule unaobaki na umeme gridi ikikatika, hakikisha breka uliyozima ndiyo yake kweli. Nimeshaona mtu akizima na kuwasha breka mara nne wakati chaja inakula umeme wa betri bila wasiwasi.

Kinachovunja hata mfumo huo wa sehemu mbili ni umeme kukatika wakati akili ya udhibiti inaandikwa, kwa sababu yenyewe huwa na nafasi ndogo na mara nyingine haina sehemu ya pili. Chaja hiyo mara nyingi hukaa na taa moja isiyobadilika, Bluetooth yake bado inaonekana, ila haifungi swichi ya gari. Hiyo usiihesabu kuwa imekufa. Ikiwa akili ya mawasiliano iko hai, mtengenezaji anaweza kuituma tena ile sehemu. Ikiwa haionekani kwenye Bluetooth, kwenye ruta, wala haitoi taa, na breka imekaguliwa, hapo ni kazi ya dhamana. Usifungue kifuniko.

RCD, ile breka ya usalama inayokata umeme unapovuja, ikiruka mara tu chaja inapowaka, irudishe mara moja tu. Ikiruka tena, iache chini. Chaja hujipima yenyewe inapoanza, ikiwa ni pamoja na kile kipimo cha uvujaji wa mkondo mnyoofu (DC) wa miliampea 6, na toleo jipya linaweza kuwa limekaza kipimo ambacho la zamani lililegeza. Au kuna unyevu kwenye kebo uliokuwepo siku zote. Fundi umeme atapima. Wewe na mimi tutakisia tu.

## Imesasishwa, ila hailioni jua

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Sasisho lilimalizika salama, alama ya vema ya kijani, nikalala. Asubuhi nikakuta betri ya gari imejaa hadi ukingoni na jua halijachomoza. Hali ya kuchaji ilikuwa imerudi kwenye "kasi", chaguo la kiwandani, na gari limekunywa gridi usiku kucha. Tangu siku hiyo, nikisasisha chaja ya mtu, kabla ya kuaga nafungua ukurasa wa hali ya kuchaji niusome kwa sauti.

Lakini hali ya kuchaji ni kosa jepesi. Gumu zaidi ni macho ya chaja. Chaja ya sola haitazami paneli. Inachojua ni kile inachoambiwa na kibanio cha mkondo, ile pete ya plastiki mafundi wanayoiita CT, iliyofungwa kwenye kebo kuu inayoingia nyumbani. Kinapima umeme unaoingia kutoka gridi na unaotoka kwenda gridi. Ukiwa unatoka, kuna ziada, chaja inalipatia gari hiyo ziada. Sasisho likifuta mpangilio wa kibanio, chaja inabaki na nguvu zake zote bila macho.

Mpangilio ukigeuka, yaani kuingia kukasomwa kuwa kutoka, unapata kituko cha pekee. Usiku nyumba inavuta kidogo, chaja inaona "ziada" kidogo. Inaanza kuchaji, na kuchaji kwenyewe kunaongeza mkondo unaoingia, ambao kwake ni ziada zaidi, basi inaongeza ampea, mpaka inagonga kikomo chake. Mchana jua likiwa utosini, ziada ya kweli inaisoma kuwa matumizi, inaacha kuchaji. Chaja inayochaji usiku na kugoma mchana, usiipeleke kwa mtu yeyote kabla ya kupima hivi:

1. Ngoja giza liingie. Gari liwe limechomolewa. Kama nyumba ina betri ya akiba, izuie isitoe umeme kwa dakika kumi, kwa sababu betri itakimbilia kufidia na kukuharibia kipimo.
2. Soma namba ya gridi kwenye programu ya chaja. Tuseme inaonyesha kilowati 0.3.
3. Washa birika la umeme la kilowati 2. Namba ipande hadi karibu 2.3, nayo iwe ya kuingia.

Ikisema 2.3 zinatoka, umeme kutoka nyumba isiyo na jua saa mbili usiku, mwelekeo umegeuzwa. Programu nyingi zina kitufe cha kuugeuza, hakuna haja ya kupanda juu ya kabati ya mita. Ikibaki 0.3 bila kutikisika, chaja haisomi kibanio chako, au inasoma mahali pasipo: angalia kama mpangilio umerudi "hakuna", au umehamia kibanio cha inveta badala ya cha gridi. Ikipanda nusu au mara mbili ya ilivyopaswa, aina ya kibanio iliyochaguliwa si yenyewe. Uwiano wake ni tofauti. Kwa nyumba ya fezi tatu, rudia birika kwenye soketi za fezi nyingine, kwa sababu vibanio vitatu vinaweza kuwa vimebadilishana namba.

Kibanio chenyewe usikiguse. Zaidi ya yote usichomoe waya zake upande wa chaja huku kikiwa bado kimeshika kebo yenye mkondo, maana baadhi ya vibanio, vikiachwa wazi namna hiyo, huzalisha volti za hatari.

Kuna wasiotumia kibanio. Chaja yao husoma namba moja kwa moja kutoka inveta kwa Modbus, lugha ya mawasiliano ya mashine. Hao baada ya sasisho waangalie mambo mawili. Kwanza anwani. Chaja au inveta ikiwaka upya, ruta inaweza kuipa anwani nyingine, na chaja ikabaki inabisha nyumba iliyohamwa. Zifungie anwani zao kwenye ruta. Pili, inveta nyingi huhudumia msikilizaji mmoja tu kwa wakati mmoja kwenye poti 502. Ikiwa una programu nyingine ya kufuatilia sola, huenda ndiyo iliyokalia kiti chaja ilipokuwa inajisasisha. Izime, acha chaja iingie kwanza. Kwa waliounganisha kwa waya wa RS485, kasi na namba ya kifaa ndivyo hurudi kiwandani mara kwa mara.

Halafu kuna jambo ambalo si hitilafu hata kidogo, ila watu huligundua baada ya sasisho kwa sababu ndipo wanapoanza kuitazama chaja. Kiwango cha IEC 61851 hakiruhusu chaja iliambie gari livute chini ya ampea 6. Kwa volti 230 hiyo ni wati 1,380 kwa fezi moja. Kwa fezi tatu ni 4,140. Ziada yako ikiwa kilowati 1.2, hakuna kitakachoanza, hata jua liwake namna gani. Ikiwa chaja ilikuwa imewekwa kuchaji kwa fezi moja na sasisho likairudisha fezi tatu, kizingiti kimepanda mara tatu bila kuaga, na wewe unaona tu chaja iliyokuwa ikianza mapema asubuhi sasa inaanza karibu na adhuhuri. Rudisha fezi moja, au washa ubadilishaji wa fezi kama chaja inao.

Ikiwa inawaka na kuzima kila baada ya dakika moja mbili siku ya mawingu, ucheleweshaji umerudi mdogo. Mlio wa "tak" unaousikia ni swichi kubwa ya ndani, na ina idadi ya mara itakazofungwa kabla ya kuchoka. Ongeza muda wa kusubiri, au ruhusu iazime kidogo gridi wingu linapopita.

Betri ya akiba nayo ina ugomvi wake. Gari likianza kuvuta, betri huona gridi inaingia, inatoa umeme kufidia, gridi inarudi sifuri, na chaja inaona mambo shwari. Ukienda kuangalia, betri ya nyumba imemwagwa yote garini. Mpangilio unaozuia hili, uwe ni kibanio cha pili kwenye betri au akiba ya wati mia moja mia mbili ambazo chaja huziachia zitoke, ni miongoni mwa vinavyofutika.

## Breka kuu ya nyumba inaruka

Hili halingoji kesho. Chaja ya ampea 32 huvuta zaidi ya kilowati 7 kwa fezi moja. Fundi aliyekufungia aliweka kikomo cha mkondo wa nyumba nzima, ili jiko na hita vikiwashwa, chaja ipunguze. Kikomo hicho kikifutika, chaja itavuta 32 zake bila kujali nani mwingine anakula, na kikomo kilichosomwa vibaya ni kibaya kuliko kisichokuwepo kwa sababu unakiamini. Shusha chaja hadi ampea 10 kwa mkono, kisha umtafute fundi athibitishe ukubwa wa fyuzi kuu na wa kebo. Namba hiyo usiikisie, wala usiipokee kutoka kwa jirani.

## Chaja iko sawa, gari halichaji

Mara nyingi gari limelala. Chaja ilipowaka upya, ishara ya volti 12 kwenye waya wa mawasiliano ilipotea ghafla, na baadhi ya magari huichukulia hiyo kuwa hitilafu, yakajifungia. Chomoa plagi, funga gari, ondoka nalo dakika tano au liache tu mpaka taa zake zizime, fungua, chomeka. Ratiba iliyowekwa ndani ya gari pia ni mtuhumiwa: ratiba ya gari na ya chaja zikipishana saa, kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Ukiona hitilafu ya waya wa ardhi wakati gridi imekatika na nyumba inaendeshwa na inveta peke yake, pengine chaja inasema kweli. Inveta nyingine zikijitenga na gridi huacha nyutro bila kuunganishwa na ardhi, chaja inapima, inakataa. Programu ya zamani pengine haikuwa kali hivyo. Fundi wa sola anajua pa kurekebisha. Kipimo hicho usikizime kwenye mipangilio, hata kama kitufe kipo.

## Ukiamua kumwandikia mtengenezaji

Ujumbe wa "imeharibika baada ya sasisho" hujibiwa "zima uwashe". Ukitaka jibu la maana, tuma toleo la kabla na la baada, aina ya bodi iliyo kwenye kibandiko, saa kamili ya tukio pamoja na ukanda wa saa, asilimia tatu ulizoandika, namba ya dBm uliyoisoma ukiwa kwenye boksi, na kama hotspoti ilifaulu. Piga video ya taa, sekunde thelathini, kwa sababu "inawaka nyekundu mara mbili" na "mara tatu" ni habari mbili tofauti kwao. Picha za kila ukurasa wa mipangilio, ulizopiga kabla ya kusasisha, ziweke karibu. Kama hukuzipiga, omba nakala kutoka kwa fundi aliyefunga, wengi huhifadhi. Na ukituma picha ya kibandiko popote penye watu wengine, ziba kwa kidole namba ya siri iliyochapishwa chini ya namba ya boksi, maana kwa chaja nyingi ndiyo inayompa mtu yeyote aliye karibu ruhusa ya kuingia.